Kima cha chini: maswali yenu ya Juni 2025, na moja linalonihusu mimi

Mbukwenyi! Tangu Mei Mosi simu yangu haijapoa. Tarehe 1 Mei, pale Uwanja wa Bombadia Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ni asilimia 35.1. Kuanzia jioni ile kila anayelipwa mshahara hapa Dodoma, na kila anayemlipa mwenzake, ana la kuuliza. Mimi si mwanasheria. Ni mtunza hesabu wa maduka, gereji na migahawa ya huku Majengo, na kwa kazi hiyo naona pande zote mbili za meza: anayesaini kupokea na anayefungua droo. Nimechagua maswali manane. Majina nimeyaacha kwa makusudi.

"Shikamoo mama. Nauza duka la nguo karibu na Sabasaba, bosi ananipa 150,000 kwa mwezi. Nilipomwambia Rais ametangaza 500,000 akacheka mpaka wateja wakageuka. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Kwa tarakimu bosi wako yuko sahihi. Kwa kicheko, hapana.

Nchi hii haina kima cha chini kimoja. Kile cha watumishi wa umma serikali inakipanga yenyewe kama mwajiri, kutoka kwenye bajeti yake. Chako kinapita njia nyingine: bodi za mishahara za kisekta, ambamo wafanyakazi, waajiri na serikali wanakaa pamoja, zinampelekea mapendekezo waziri mwenye dhamana ya kazi, naye anatoa amri ya mshahara chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Amri iliyotumika hadi mwisho wa 2025 ilikuwa ya 2022, ilianza kazi tarehe 1 Januari 2023, na viwango ninavyotumia katika majibu haya ni vyake. Humo biashara na viwanda ilikuwa 150,000, kilimo 140,000, shule binafsi 207,000. Kwa hiyo kwa amri hiyo unalipwa kima kamili cha sekta yako, bila senti ya ziada.

Lakini ngoja, maana hapa ndipo mjadala wote unapopotea njia. Watu wanabishana kama nyongeza ni kubwa au ndogo. Mimi nauliza imekuja baada ya miaka mingapi. Kabla ya amri hii tulikuwa na ile iliyoanza Julai 2013, na muuza duka wa wakati huo aliwekewa 115,000. Kisha kimya. Miaka tisa na nusu. Walioanza darasa la kwanza walimaliza la saba na wakaingia sekondari, 115,000 iko palepale. Halafu Januari 2023 ikapanda hadi 150,000, ongezeko la asilimia 30, na baadhi ya waajiri wakashika vichwa.

Sasa shika kikokotoo. Mfumuko wa bei katika miaka hiyo ulikuwa kati ya asilimia 3 na 6 kwa mwaka. Ni mdogo, hata wataalamu wanausifu. Ukiuzidisha mwaka juu ya mwaka, unakuta bei kwa jumla zilipanda kwa karibu nusu. Ili muuza duka wa 2023 abaki palepale alipokuwa mwenzake wa 2013, alihitaji karibu 170,000. Akapewa 150,000, na tukaiita nyongeza.

Wala usidhani mwajiri alinufaika na kimya kile moja kwa moja. Mwenye kampuni ndogo ya ulinzi alilala na kima cha 100,000 akaamka na 148,000. Asilimia 48 kwa usiku mmoja! Mikataba yake na wateja alikuwa ameshaisaini kwa bei ya zamani. Ningekuwa na sauti kwenye bodi hizo ningeomba kitu kimoja tu: ongezeni kidogo kila mwaka, mkifuata mfumuko unaotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo iko hapahapa Dodoma, si mbali kuifuata. Muuza duka angepata elfu tano au sita kila Januari na hakuna ambaye angeshika kichwa.

"Mimi ni mtumishi, niko Mji wa Serikali Mtumba, mshahara wangu ni 860,000. Nimeshapigia hesabu asilimia 35.1. Nakosea?"

Unakosea kaka, na tafadhali usiende kukopa kausha damu kwa kutegemea hesabu hiyo. Asilimia 35.1 ni ya yule wa ngazi ya chini kabisa, anayetoka 370,000. Ngazi za juu zinapanda pia, ila kwa asilimia ndogo zaidi, kadri bajeti inavyoruhusu. Yalitokea hayahaya 2022. Ilitangazwa asilimia 23.3, watu wakaipiga kwenye mishahara yao yote, na Julai ilipofika hati za mshahara zikaonyesha nyongeza ya vijielfu. Manung'uniko yalikuwa makubwa hadi serikali ikatoka kufafanua kwamba ile asilimia ilikuwa ya kima cha chini.

Na hata huyo wa chini hatashika 500,000 mkononi. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wa asilimia 5 ni 25,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 15,000. Kodi ya mapato haigusi 270,000 za kwanza. Kinachozidi, baada ya kutoa mchango wa pensheni, ni 205,000, na asilimia 8 yake ni 16,400. Anabakiwa na 443,600. Zamani kwa hesabu hiyohiyo alikuwa akiondoka na 333,880. Nyongeza ya 130,000 inamfikia ikiwa 109,720. Si haba hata kidogo, lakini ukisikia 130,000 usiitume yote kijijini kwa mdomo kabla haijafika.

"Ni mlinzi wa kampuni ndogo, lindo langu liko Kizota. Naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Nalipwa 148,000. Nikidai kima kipandishwe naambiwa kampuni haina uwezo. Nifanyeje?"

Hili swali nimelisoma mara tatu, maana jibu lake haliko mahali unapotazama.

Kima chako unalipwa. Amri ya 2022 ilitenganisha kampuni kubwa na za kimataifa za ulinzi, 222,000, na kampuni ndogo, 148,000. Kinachokukosesha fedha ni saa. Kima cha mwezi ni bei ya saa 45 za kawaida kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema hivyo: saa 9 kwa siku, siku 6, jumla isizidi 45. Kinachozidi kinaitwa saa za ziada na kinalipwa mara moja na nusu.

Tuhesabu pamoja. Saa 45 kwa wiki ni saa 195 kwa mwezi. Gawa 148,000 kwa 195, unapata kama shilingi 759 kwa saa. Mara moja na nusu ni 1,138. Wewe uko lindoni saa 12 kila usiku. Hata nikiwa mkarimu kwa bosi wako nikatoa saa moja ya mapumziko (ingawa sijawahi kuona mlinzi wa usiku akipumzishwa na mtu yeyote zaidi ya usingizi), zinabaki saa 66 kwa wiki. Toa 45. Saa 21 za ziada kila wiki, kama 91 kwa mwezi. Zidisha kwa 1,138: zaidi ya 103,000. Mshahara wako halali kwa zamu unazofanya unazidi 250,000, na bado sijaweka nyongeza ya asilimia 5 ambayo sheria inaidai kwa kila saa inayoangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Na kuna jambo baya zaidi. Saa za ziada zina ukomo wa 50 kwa kila wiki nne. Wewe una 84.

Wanaweza kukuletea karatasi ya makubaliano ya zamu ndefu. Kweli ipo kwenye sheria: mfanyakazi na mwajiri wakikubaliana kwa maandishi, siku ya kazi inaweza kufika saa 12 bila kuitwa ya ziada. Lakini hapo siku zisizidi tano kwa wiki na ule ukomo wa saa 45 unabaki. Siku ya sita imeshaivunja karatasi hiyo.

Anza na ushahidi. Lile daftari la kupokezana zamu unalosaini jioni na asubuhi, lipige picha kwa simu kila wiki. Kisha nenda Ofisi ya Kazi ya mkoa, umwone Ofisa Kazi. Ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua vitabu na kutoa amri kwa mwajiri asiyetii. Ukienda na wenzako wawili watatu wa malindo mengine ni bora zaidi. Mtu mmoja huitwa mkorofi.

"Mama mwenzangu, mimi napika wali na maharage pale jirani na stendi ya daladala, nina wasichana watatu, kila mmoja nampa 5,000 jioni na anakula hapahapa. Hizi nyongeza zikizidi si mtanifungisha? Nani ataajiri?"

Hujambo mwenzangu. Hili ndilo swali ambalo maprofesa wamegombania miaka mingi, na hata leo hawajaelewana, kwa hiyo usione aibu kuuliza.

Kwanza tuone ulipo. Migahawa na baa iliwekewa 150,000 kwa amri ya 2022. Ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni 5,769 kwa siku. Unadaiwa 769 kwa kila binti kwa siku, watatu 2,307. Kwa bei ya sahani yako ya 2,000, ni sahani moja na kijiko cha juu. Ongeza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako wewe unachangia asilimia 10 na binti asilimia 10 kutoka kwenye mshahara wake, na ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, WCF, nusu ya asilimia moja. Tozo ya mafunzo ya ufundi haikugusi, hiyo ni ya wenye wafanyakazi kumi na zaidi.  Ukijumlisha vyote, pengo lako halifiki hata sahani tatu kwa siku. Unauza ngapi? Mimi nimekula kwako, foleni naijua.

Sasa habari ya kufunga. Wanaosema nyongeza inaua ajira wana mfano wao, na ni wa kwetu kabisa. Babu zetu wengi wa Ugogo walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, Tanga na Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mbichi, kima cha chini kilipandishwa sana. Kabla muongo haujaisha mashamba yale yalikuwa yamepunguza vibarua kwa makumi ya maelfu. Wengine wanajibu: si mshahara peke yake, bei ya mkonge duniani ilianguka kuanzia 1964 na kamba za plastiki zikaingia sokoni. Wote wana lao. Mwenye shamba la mkonge hakuwa na uwezo wa kupandisha bei hata shilingi, kwa sababu bei ilipangwa ng'ambo.

Upande wa pili wana mfano wa Marekani. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake Pennsylvania ikabaki vilevile. David Card na Alan Krueger wakalinganisha migahawa 410 ya pande zote mbili, kabla na baada, wakachapisha matokeo 1994: ajira New Jersey haikupungua. Wenzao waliwapinga kwa takwimu nyingine, lakini Card alikuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi 2021. Krueger alikuwa ameshafariki.

Wewe uko wapi kati ya mkonge na mgahawa wa New Jersey? Uko mgahawani. Bei ya sahani yako inapangwa hapo stendi na akina mama sita mnaotazamana. Kima kikipanda kwa wote sita, sahani ikapanda 100 kwa wote, mteja atanung'unika wiki moja na atakula, maana hana pa kwenda.

Shida, na hapa nakuunga mkono kwa mikono miwili, ni kwamba hakipandi kwa wote sita. Wewe ukilipa 5,769 na jirani akaendelea na 4,000 kwa sababu hakuna mkaguzi anayekanyaga stendi, umeadhibiwa kwa kutii. Nimeona gereji mbili zilizopakana, moja ilijisajili kila mahali, nyingine haikujisajili popote, na unajua ipi ilikuwa na magari uani. Ukiwaona viongozi wapigie kelele hilo, zaidi ya kulalamikia kima.

"Tunavuna zabibu Makutupora kwa siku, hatuna mkataba. Kima cha chini kinatuhusu?"

Kinawahusu. Amri inataja viwango vya saa, siku, wiki na mwezi. Kilimo kwa amri ya 2022 kilikuwa 140,000 kwa mwezi, takriban 5,385 kwa siku ya kazi ya kawaida. Mkilipwa kwa kreti, jumla ya siku isianguke chini ya hapo.

"Dodoma ya sasa si ile ya zamani. Chumba cha kupanga Nkuhungu kimenishinda tangu serikali ihamie. Kwa nini tusiwe na kima chetu, tofauti na Kondoa au Mpwapwa?"

Inawezekana, majirani wanafanya. Kenya amri yao ina ngazi za mahali: miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, kisha manispaa za zamani, kisha kwingineko. Tanzania Bara tulichagua kugawa kwa sekta, kwa hiyo muuza duka wa Area D na wa Kibaigwa wako mstari mmoja. Zanzibar wana sheria zao.

Nakiri wazo lako linanivutia, hasa nikikumbuka kodi za 2016 kabla uhamisho haujatangazwa. Ila naogopa kitu kimoja: mwenye nyumba naye anasikiliza redio. Siku ikitangazwa "kima cha Jiji la Dodoma", chumba cha Nkuhungu kitapanda kabla ya mshahara wako kuingia. Kwa chumba, dawa ni vyumba vingi zaidi. Kwa mshahara, bado narudi kwenye ile ya kidogo kila mwaka.

"Mimi ni mwalimu wa shule binafsi wilayani Kongwa. Tunalipwa 180,000, na shule zikifungwa Juni na Desemba hatulipwi kabisa, tunaambiwa 'hakuna ada iliyoingia'. Mkataba wa maandishi sikupewa. Nikidai nitafukuzwa. Sina ushahidi wowote."

Mwalimu, una ushahidi kuliko unavyodhani.

Kima cha shule binafsi, awali hadi sekondari, kwa amri ya 2022 kilikuwa 207,000. Kila mwezi unapunjwa 27,000. Ya likizo ni kubwa zaidi: kama umeajiriwa kwa mwezi, ukata wa mwenye shule ni wa mwenye shule. Mshahara haungojei ada. Ungekuwa na mkataba wa muhula kwa muhula ingekuwa hadithi nyingine, na ndiyo maana wengine hawapendi kuandika.

Sasa sikiliza hili, maana nimeliona likigeuza kesi. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, kituo, saa, mshahara. Mkifika mbele ya mwamuzi na akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unahamia kwake. Wewe ukisema uliajiriwa kwa mwezi, yeye ndiye atakayehangaika kuonyesha vinginevyo. Na wewe una ratiba ya vipindi yenye jina lako, maandalio ya somo yaliyosainiwa na mwalimu mkuu, jumbe za miamala ya mshahara kwenye simu, mahafali ulikopigwa picha umesimama mstari wa walimu. Yaweke yote kwenye bahasha moja, na bahasha usiiache shuleni.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ipo Dodoma mjini. Unajaza fomu, hulipi chochote, wanaanza na usuluhishi, ukishindikana inakwenda kwenye uamuzi. Angalia kalenda kuliko kitu kingine chochote. Madai ya kawaida, kama mshahara, yanapelekwa ndani ya siku 60. Ukifukuzwa, siku 30 tu. Kuna kuomba kuongezewa muda kwa waliochelewa, lakini lazima uwe na sababu inayosimama, na "nilikuwa nangoja atubu" haisimami.

Kuhusu kufukuzwa: ukiwa umeshapita miezi sita kazini, sheria ya kuachishwa kazi isivyo halali inakulinda, na kudai mshahara si sababu halali ya kumwondoa mtu. Je, anaweza kukufukuza hata hivyo? Anaweza. Sitakudanganya. Kongwa si mahali penye shule kumi za kuhamia. Nakushauri msiende mmoja. Walimu saba wakisaini barua moja ya kistaarabu kwa mwenye shule, akijua kwamba nakala imekwenda Ofisi ya Kazi, mara nyingi ada "zinaingia" ghafla.

"Mama, unatufundisha kila wiki. Wewe dada wa kazi nyumbani kwako unamlipa shilingi ngapi?"

Nilijua mtafika huku.

Amri ya 2022 ilisema hivi kwa nyumba za kawaida: msaidizi anayelala kwa mwajiri 60,000, anayekuja na kurudi kwao 120,000. Kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa ilikuwa 250,000, kwa maofisa wanaolipiwa na serikali 200,000. Tofauti ya 60,000 na 120,000 inahesabu chakula na malazi, ndiyo maana haifai kumlaza binti jikoni kwenye mkeka halafu ukamlipa kama uliyempa chumba. Ana haki ya likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku nzima ya mapumziko kila wiki, saa 24 mfululizo. Na aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama mama yake ndiye aliyemleta kutoka Mpwapwa na ameshika kuku wa shukrani.

Yangu sasa. Mwaka 2023, amri mpya ikiwa imeshaanza, mimi niliyekuwa nawasomea wateja wangu viwango kwa sauti nilikuwa namlipa binti wa nyumbani 50,000. Nilijiona mwema kwa sababu jirani alitoa 40,000 na hakumpa sabuni. Siku moja nikiwa mezani naandaa malipo ya gereji fulani, yeye anafuta vumbi nyuma yangu, akauliza, "Mama, na sisi tumo humo?" Nikamwambia tumo. "Ukurasa gani?" Nikamwonyesha. Akasoma taratibu kwa kidole, akarudi kwenye vumbi lake bila neno. Usiku ule sikulala vizuri.

Mwezi uliofuata nilimlipa 60,000 pamoja na pungufu za nyuma, na sasa nampa 90,000. Jumapili ni yake. Wiki mbili zilizopita lakini tulipata wageni wa ghafla kutoka Singida, akashinda jikoni saa tatu. Jioni nikamwekea 2,000 juu ya friji nikidhani nimemaliza. Akaniletea kipande cha karatasi: kazi ya siku ya mapumziko hulipwa mara mbili, 90,000 gawanya kwa 195 ni 461.5, mara mbili ni 923, mara saa tatu ni 2,769. Nikachukua ile 2,000 nikampa 3,000. Akasema chenji hana.